Mama wa Furu na Paka wa Mvua

Mama wa Furu hakupenda paka. Naanza hapo kwa sababu watu waliomsema vibaya walianza na kinyume chake. Hakuwabeba, hakuwapapasa, hakumpa hata mmoja jina. Paka akisogelea sufuria yake ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kandambili iliruka hewani, na mara nyingi ilimpata. "Nyama ya kiburi hii," alisema, maana kwa Kiswahili cha kwetu nyama ni mnyama yeyote, awe wa kuliwa au asiwe. Na bado mwanamke huyu alipoteza tanuri lake, vibarua wake na jina lake jema kwa sababu alikataa kubomoa kijumba cha joto alichowajengea paka wasio na wenyewe. Nimekaa na jambo hilo miaka kadhaa sasa. Sina raha nalo, maana na mimi nimo.

Furu ndilo neno letu hapa Bunia la tanuri la kuchomea matofali. La kwake lilikuwa bondeni, karibu na mto Nyamukau, chini kidogo ya nyumba yangu, mahali penye udongo mwekundu unaong'ang'ania buti mpaka unatembea umeongezeka urefu. Nilimjua miaka kumi na zaidi. Likiisha furu moja alianza jingine, na hazikupita siku nyingi bila mimi kuona moshi au mvuke dirishani.

Asiyeijua kazi hii nitamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa darasa la nne. Matofali mabichi yakishakauka hupangwa kuwa kilima chenye mapango marefu chini, yanayopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mapango hayo huitwa vinywa. Ndani yake hujazwa magogo ya kalitusi, kilima kizima husilibwa tope kwa nje, moto huwashwa na kulishwa siku kadhaa, kisha vinywa huzibwa na watu hungoja. Furu linaweza kuchukua wiki nzima kupoa, pengine na zaidi. Ni katika kupoa huko ndipo paka walipokuja.

Watu wa mbali wakisikia Kongo wanawaza jasho tu. Waje Bunia mwezi wa kumi. Tuko juu, na mvua ikianza mchana, upepo unaoshuka nayo kutoka milimani unapita kwenye shati kama halipo. Asubuhi watoto wanaingia darasani kwangu wamevaa makoti ya baba zao, na kalamu zinawateleza vidoleni. Theluji hatuna. Lakini paka aliyelowa, asiye na mlango hata mmoja wa kuingia, hahitaji theluji ili afe. Nimewaokota mwenyewe pembeni mwa ukuta wa shule, wamekakamaa, nikawatupa kabla watoto hawajafika, nikanawa mikono na kuanza somo la kuzidisha.

Nikiri na hili: nilikuwa naogopa paka. Kwetu, upande wa Gety, bibi yangu hakuruhusu paka amwangalie mtu akila, na nilikua nikiamini kwamba macho yale yana kazi nyingine zaidi ya kuona. Nimesoma, nimefundisha, nina cheti ukutani, na bado paka akinikata njia jioni nilikuwa nasimama kidogo nijifanye nafunga kamba ya kiatu. Mama wa Furu alilijua hilo na hakunionea huruma. "Mwalimu wa maneno mingi," ndivyo alivyoniita, "weye unafundisha batoto kusoma, na unaogopa kitu haijui hata herufi moja."

Alikuwa mfupi, mpana mabegani, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na moto. Kofia ya sufu hakuivua, jua liwake au lisiwake. Buti zake zilikuwa moja nyeusi na moja kijani, kwa sababu, alisema, miguu yake haikuchoka pamoja. Hesabu zote alifanya kwa Kifaransa na mambo mengine yote kwa Kiswahili. Chumvi alikuwa bahili nayo kupita kiasi. Vibarua wake walikuja kazini na chumvi zao kwenye vikaratasi.

Kwenye matofali hakujua mchezo. Nilipojenga nyumba yangu nilikwenda kununua kwake, akaniokotea mawili, akayagonganisha karibu na sikio langu. Yalilia kwa sauti kali. Akaokota mengine mawili, yakatoa sauti ya mbao. Hayo akayarusha pembeni. Nikamwambia niko tayari kuyachukua hata hayo kwa ukuta wa choo. Akakasirika kabisa. "Haijaiva. Mvula itaikula, na weye utasema ni tofali ya Mama wa Furu. Enda ujenge choo na majani." Nyumba yangu ina ukuta wa matofali yake pande zote nne, na choo pia, na hakuna lililobomoka mpaka leo.

Kanisani alilala. Sisemi alisinzia, alilala, kinywa wazi, kwa sababu wiki ya moto mtu wa furu hapati usingizi wa maana. Jumapili moja Pasta alikuwa katikati ya mahubiri juu ya ulimi na madhara yake, Mama wa Furu akapiga kelele kutoka usingizini: "Funga kinywa! Funga, moto inatoka!" Kanisa zima lilicheka, na Pasta naye akajitahidi kucheka. Mama wa Furu aliamka, akaangalia huku na huku, akauliza tunaimba wimbo namba ngapi.

Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba mwanamke hafai kukaa mbele ya furu linalowaka, kwamba akipita hapo matofali hupasuka. Wanaume wenye kazi hiyo bondeni waliamini, au walijifanya wanaamini kwa kuwa iliwafaa. Yeye hakubishana nao. Alikaa mbele ya moto wake kwenye kigoda, akila muhindi wa kuchoma, na matofali yake yakatoka mazima kuliko ya wote. Ukimuuliza, alijibu kwamba moto hauna masikio. Alikuwa na ukaidi wa namna hiyo, wa kukaa tu mahali mpaka watu wachoke kumwambia aondoke.

Basi, paka. Hawakuwa wa porini. Mji wetu umepitia vita: kuna miaka ambayo mtaa mzima uliamka asubuhi, ukafunga mizigo na kuondoka, na kuna familia hazikurudi. Mbwa anafuata mtu, paka anafuata nyumba. Mwenye nyumba akikimbia, paka anabaki kwenye kizingiti, mpaka mabati yang'olewe, milango ichukuliwe kuni, na hapo naye anakuwa hana kwao. Hao ndio waliolinusa furu likipoa. Mvua ikianza waliteremka bondeni mmoja mmoja, wakajipanga juu ya kilima cha matofali wakitoa mvuke, na wajanja zaidi wakaingia vinywani, kwenye majivu ya moto mdogo.

Mwanzoni hakuwajali. Lililombadilisha sikulisikia kutoka kwake, maana hakulisema kamwe. Nilisikia kwa kapita wake, yule msimamizi wa vibarua, mtu mrefu asiyependa kutia chumvi, si ya hadithi wala ya mboga.

Furu lilikuwa limepangwa na kuni zimeshaingizwa. Wingu lilikuwa linakuja, naye akaamuru liwashwe mapema, kabla ya mvua. Magogo ya mbele yalipokuwa yameshika moto, paka jike alitoka kinywani mbio, manyoya ya mgongoni yanafuka. Watu wakacheka. Paka yule hakukimbia. Aligeuka akaingia tena motoni. Hapo Mama wa Furu akaelewa kuna nini kule mwisho wa pango, pakavu kuliko pote, akachukua jembe na kuanza kuvuta magogo yanayowaka. Kapita akamshika mkono akimwambia furu litakufa. Akampiga kapita. Walivuta kuni zote za kinywa kile na za vinywa viwili vya jirani, mvua ikafika ikakuta kilima kiko nusu moto nusu baridi, na matofali yakapasuka kwa sauti mchana kutwa. Kazi ya miezi ikawa kifusi. Walitoa watoto wawili wazima. Wengine wawili na mama yao hawakutoka.

"Miye nilikasirika sana," kapita aliniambia. "Nilisema naacha kazi. Lakini angalia mukono yake, Mwalimu. Mutu anachoma mukono yake hivi, utamwambia nini?"

Kovu hilo lilianzia kwenye vidole vya mkono wa kushoto likapanda hadi kiwiko. Watu walimuuliza, akawajibu kwamba ni kazi.

Tangu siku ile hakuna furu lililowashwa kabla yeye mwenyewe hajalala kifudifudi mbele ya kila kinywa, na tochi yake, akapitisha mti mrefu kutoka upande huu mpaka wa pili. Alifanya hivyo hata wingu likiwa juu ya kichwa chake. Vibarua walisimama na viberiti wakihema. Hakuharakishwa.

Kisha akajenga kijumba. Nilishuka kumwona akikijenga, nikamuuliza, nikitabasamu kidogo, kama ameamua kuwa mama wa paka. Hakutabasamu.

"Sipendi paka," alisema. "Lakini ni miye niliwazoeza moto. Furu iko inapoa, banakuja, banalala, banasema hapa ni kwetu. Kisha miye nabomoa furu nauzisha tofali, na mvula iko palepale. Huwezi kuonyesha mutu moto, kisha unamunyanganya."

"Hawa si batu, Mama."

"Baridi iko inajua hiyo?"

Nilikaa juu ya rundo la matofali nikamwangalia.

Alikosea mara nyingi, nalo nalipenda kwake, kwamba alikosea bila aibu na kubomoa bila huruma. Kijumba cha kwanza alikipa mlango mpana, mbwa wa jirani akaingia na kulala peke yake. Cha pili akakitandikia nguo kuukuu za watoto wa majirani, akijiona ametenda wema. Mvua ya siku mbili ikazilowesha, na paka waliozilalia wakatoka wanatetemeka kuliko walioshinda nje. Alitoa matambara yale akayakamua mbele yangu kwa hasira. "Nguo inakunywa maji," alisema. "Majani makavu inakataa." Kuanzia hapo yalikuwa majani makavu tu, yaliyokatwa kiangazi na kutunzwa chini ya bati. Cha tatu ndicho kilichodumu. Kilikuwa na kuta mbili, na katikati yake majivu yaliyoshindiliwa. Sakafu ilinyanyuliwa juu ya matofali matatu ili maji yapite chini, na mlango ulitazama upande usio na upepo, mdogo kiasi cha paka kupita na mbwa kuingiza pua tu. Ukutani nyuma aliacha tundu la kuingizia tofali la moto.

Furu likiwa linapoa, matofali ya moto yalikuwepo bure. Furu likiwa halipo, aliyapasha juu ya mbabula, lile jiko la makaa alilopikia, chakula kikishaiva. Alilizungushia tofali kipande cha gunia, akalishika kwa viganja viwili na kuhesabu kwa sauti: un, deux, trois. Akiweza kufika dix, yaani kumi, bila kuliachia, paka angeweza kulilalia. Asipoweza, alilingoja. Chakula hakuwapa hata siku moja. "Panya iko," alisema. "Miye nawapa moto tu. Tumbo ni kazi yao."

Usidhani moyo wake ulikuwa wa paka peke yao. Mwaka ule familia nyingi zilipopanda kutoka upande wa Boga na mizigo kichwani, zikakosa pa kulala, alizikaribisha mzingo mzima wa furu lake lenye joto. Kila mama na watoto wake aliwagawia ukuta wa kuegemea, kwa ukali uleule aliokuwa nao kwa vibarua. Asubuhi aliwaamsha mapema na kuwakabidhi mifagio. Kuna waliomchukia kwa mifagio hiyo. Na kuna msichana mmoja, leo ni muuguzi, ambaye bado anasema alipona kifua kwenye ukuta ule.

Maneno yalianza taratibu. Mtu aliyepita bondeni alfajiri aliwaona paka kumi na mmoja wakitoka kwenye nyumba ya matofali, mmoja nyuma ya mwingine, wanafuka mvuke kwenye baridi. Hakungoja maelezo. Habari ilipofika sokoni walikuwa ishirini, na kwenye bomba la maji walikuwa wanaongea. Mtoto akiugua homa, watu waliangalia bondeni. Neno ndoki, yaani mchawi, halisemwi kwa sauti, lakini niliona wateja wakikipita kilima chake na kwenda kununua kwa wengine, wakijua kabisa kwamba huko wanauziwa matofali ya kulia kama mbao. Mwaka huo alichoma furu lake kubwa kuliko yote, na likasimama pale, limeiva, halina mnunuzi.

Ndipo kanisa letu likaamua kujenga. Komite ya ujenzi ilikuwa na watu saba, na mimi nilikuwa katibu, kwa sababu mwalimu hakwepi kalamu. Furu la Mama wa Furu lilitosha jengo zima, na lilikuwa karibu. Alikuwa mshirika wetu, kama kulala kanisani ni ushirika. Kama tungelichukua, kazi yake ingepona. Tusipolichukua, wote tulijua kwamba angekosa kodi ya kumlipa mwenye lile bonde, na udongo angepewa mtu mwingine. Pasta hakuwa mtu mbaya. Aliogopa waumini wasije wakakataa kuingia kwenye nyumba ya Mungu yenye kuta zinazosemwa. Akanituma na sharti.

Nilimkuta anakata majani.

"Mama, kanisa inataka furu yako. Yote."

"Ni vizuri. Ichukueni."

"Lakini Pasta anaomba kitu moja. Ubomoe kajumba kwanza, kisha tofali itoke. Na paka baende."

Aliendelea kukata. "Tofali iko na kasoro?"

"Hapana."

"Iliiva?"

"Iliiva, Mama. Miye najua."

"Basi kajumba imekosea tofali wapi?"

"Ni batu, Mama. Banaogopa."

"Miye pia niko naogopa. Naogopa mvula." Akanyooka, akashika kiuno. "Sikiliza, Mwalimu wa maneno mingi. Ambia Pasta hivi. Akitaka tofali, tofali iko. Akitaka kajumba itoke, akuje yeye mwenyewe, mvula ikiwa inanyesha, atoe paka moja moja na mukono yake. Miye nitasimama nitamwangalia. Akimaliza, nitabomoa."

"Utapoteza kazi, Mama."

"Nasikia."

Nilimrudishia Pasta maneno hayo kama yalivyo. Sidhani kama usingizi ulimjia vizuri usiku ule. Lakini hakushuka bondeni.

Kikao kilikuwa kifupi. Pasta alisema wanaokubali tuchukue matofali ya ng'ambo ya mto wanyanyue mikono. Nyumba yangu, nimeshasema, imesimama juu ya kazi ya mwanamke yule. Nilikuwa nimekaa kwenye rundo lake la matofali nikimwona akibomoa makosa yake na kuanza upya. Hapakuwa na mtu chumbani mle aliyejua kuliko mimi. Niliangalia sakafu, na mkono wangu ukapanda. Nilijiambia kwamba mkono mmoja haubadili kitu. Nadhani wengine nao walijiambia hivyo hivyo, maana mikono ilikuwa sita. Wa saba alikuwa mama aliyekuwa anafagia kanisa, mwembamba, asiyesema vikaoni, aliyewekwa humo kuwakilisha wanawake. Aliiacha mikono yake mapajani na kumtazama Pasta moja kwa moja. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ni mimi niliyeandika barua ya kumjulisha Mama wa Furu. Kwa huruma, au kwa woga uliovaa nguo ya huruma, niliongeza maneno ambayo komite haikuyaomba: kwamba watu sita walikubali na mmoja alikataa. Jina sikuliandika, na barua akaisaini Pasta. Niliwaza kwamba itamfariji kujua hakuachwa na wote.

Mambo yakawa kama tulivyojua yatakuwa. Vibarua walitawanyika, kapita wa mwisho. Mwenye bonde akampa mtu mwingine udongo, na huyo, siku ya kwanza tu, alikipiga kijumba nyundo. Mama wa Furu alikuwepo. Wanasema hakulia wala hakulaani. Aliokota matofali aliyoweza kubeba, akayapanga kwenye toleka, ile baiskeli ya mizigo, akahamia mtaa wa Mbunya kwa binti yake. Kanisa lilijengwa. Ni zuri, sina la kulisema, na halijaanguka.

Nilikutana naye mara chache baada ya hapo, barabarani na sokoni. Alikuwa ameacha kuniita mwalimu wa maneno mingi. Sasa nilikuwa "Mwalimu wangu." Mara moja alinisukumia viazi vitamu vitatu vya kuchoma mkononi, yeye aliyebania watu chumvi. Nilidhani ni uzee, uzee unalainisha watu. Nikavila.

Mwezi wa kumi uliopita nilikuwa Mbunya kwa mambo ya shule, mvua ikanikamata. Nilikimbilia baraza la kwanza nililoliona, na mtu aliyekaa hapo mbele ya mbabula, na kofia ya sufu kichwani, alikuwa yeye. Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umemnyang'anya jicho moja. Juu ya makaa kulikuwa na matofali manne. Na kando ya uzio, chini ya ubao ulioegeshwa, niliona madumu ya njano yaliyokatwa midomo na kulazwa juu ya matofali. Yalikuwa yamejazwa majani makavu, na migongo yake imegeuziwa upepo. Kwenye moja palikuwa na sikio limechomoza.

"Bado, Mama?" nikasema.

"Mvula iliacha kunyesha?" akajibu. "Ikala, Mwalimu wangu."

Nikakaa. Aliniuliza habari za nyumba yangu, kama kuta zinakaa. Nikamwambia zinakaa. Akageuza tofali kwa koleo, kisha akasema bila kuniangalia:

"Iko kitu sikukuambia. Siku ile ya komite, mikono sita ilienda juu. Weye moja ulikatala. Sikukutafuta nikuambie aksanti, juu nilisema batakuona mubaya kwa kanisa. Lakini batoto bangu banajua. Nilibaambia, mutu moja alikatala, ni Mwalimu. Ile ilinisaidia sana siku ya nyundo. Aksanti."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Ningeweza kujifanya sikusikia, au kuitikia kwa kichwa tu na kungoja ipungue niende zangu. Nawaambia ukweli, nililipima hilo. Kisha nikamwona akinyoosha ule mkono wa kovu kulipima tofali, nikashindwa.

"Mama, miye nilinyanyua."

Akaacha koleo.

"Mukono yangu ilikuwa kati ya ile sita," nikasema. "Na barua niliandika miye."

Alinitazama kwa jicho lile moja, muda ambao sitaki kuukumbuka. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayegonganisha matofali mawili na kusikiliza.

"Nani alikatala?"

"Ule mama alikuwa anafagia kanisa."

"Ule mwembamba? Alikuwa anachota maji kule chini?"

"Ndiyo ule."

"Alikufa."

"Alikufa, Mama. Mwaka jana."

Alivua kofia. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote. Aliishika mapajani akawa anaikunja na kuikunjua.

"Alikuwa anapita kwa furu yangu kila asubuhi," alisema. "Na ndoo yake. Kisha ya barua, alianza kuniambia yambo. Kila asubuhi, yambo Mama. Miye nilisema moyoni, huyu naye ni wa mikono sita, anataka nini kwangu. Nilimugeuzia mugongo. Sikuitika yambo yake hata mara moja."

"Pole, Mama. Pole sana."

"Pole yako utamupelekea nani?"

Machozi yalikuwa yananitoka, nami ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hakunibembeleza. Alivaa kofia, akachukua koleo, akatoa tofali moja, akalifunga gunia. Akalishika kwa viganja viwili, akahesabu polepole mpaka dix. Kisha akaninyooshea.

"Shika. Inapoa."

"Niweke wapi?"

"Ile ya mwisho. Iko na mama na batoto."

Nilitoka mvuani na viatu vyangu vya shule. Dumu la mwisho lilikuwa chini kabisa, ikabidi nipige magoti kwenye tope. Ndani kulikuwa na macho mawili, yaleyale ya utotoni kwangu, na nyuma yake vitu vidogo vikitambaa. Niliingiza mkono. Yule paka aliniparura kutoka kwenye kifundo hadi kwenye vidole, damu ikachirizika na maji ya mvua, lakini hakukimbia, na mimi sikuuvuta mkono. Nilisukuma tofali taratibu chini ya majani mpaka likagusa mwisho. Baada ya muda alinyoosha shingo, akalinusa, akaliegemea kwa ubavu, na watoto wakamfuata.

Nilibaki pale nimepiga magoti, sijui nikingoja nini, labda neno. Nikageuka kumwangalia barazani. Alikuwa ameshashika tofali la pili na gunia lake, anahesabu, na alipofika mwisho akaninyooshea.

"Dumu iko ine, Mwalimu," alisema. "Umefanya moja."